KIDONGE KIMOJO, MIILI MBALIMBALI
Somo kwa wahudumu wa majumbani na vikundi vya usharika



Somo la robo hii limetokana na swali lililoulizwa Akheri, katika ukumbi wa usharika, siku tulipofanya mafunzo ya marudio kwa wahudumu wa majumbani. Mada ilikuwa ufuasi wa dawa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mhudumu wa kujitolea kwa miaka mingi, alisimama akasema: "Mratibu, mimi na mdogo wangu tumezaliwa tumbo moja na tumekula ndizi za shamba moja. Tuliugua TB pamoja, tukapewa dawa moja. Yeye alimaliza miezi yake sita bila shida. Mimi miguu ilikufa ganzi, kandambili zikawa zinanivuka njiani nisijue. Dawa ni moja. Kwa nini?"

Watu walicheka kidogo kwa habari ya kandambili. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilinikumbusha mama mmoja ambaye sisi tulimkosea.

Mwaka 2008 nilikuwa afisa mradi kijana, kazi yangu ikiwa kukusanya taarifa za wahudumu. Katika mtaa mmoja mume na mke walianza dawa za kupunguza makali ya VVU wiki moja, kwa mseto mmoja. Ndani yake ilikuwamo dawa iitwayo efavirenzi, miligramu 600, kila usiku. Mume aliendelea vizuri. Mke, ambaye hapa nitamwita Mama Elia ingawa si jina lake, alianza kuota ndoto za kutisha. Asubuhi aliamka na kizunguzungu kama mtu aliyelewa, akawa anatembea kwa kushikilia migomba. Mara mbili alianguka akienda kuteka maji. Majirani wengine walisema ana pepo, wengine walisema amerudia mbege.

Alipoeleza shida yake kwenye kituo alikokuwa anahudhuria, aliambiwa avumilie, maana dawa ni ileile anayomeza mume wake na mume hana tatizo. Mama Elia akaacha kumeza. Kila usiku alitoa kidonge kimoja kwenye chupa na kukificha ndani ya kopo chini ya kitanda, ili siku ya kuhesabiwa vidonge hesabu ilingane. Mhudumu wetu alipogundua aliandika kwenye fomu: "Si mfuasi mzuri wa dawa. Anahitaji ushauri nasaha zaidi." Taarifa hiyo niliisaini mimi.

Miezi saba baadaye alipelekwa hospitali akiwa amebebwa, amekonda na anaharisha. Daktari aliyempokea alimuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza: "Ukimeza hizi dawa, unajisikiaje?" Akambadilishia dawa. Mama Elia alipata nafuu, na yupo hadi leo. Hata hivyo alipoteza karibu mwaka mzima wa maisha yake, na binti yake mkubwa aliacha shule ili amuuguze. Binti huyo hakurudi shuleni tena.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, tunategemea kwamba mhudumu na mwanakikundi ataweza:

1. Kueleza kwa lugha rahisi kwa nini dawa ileile, kwa kipimo kilekile, inaweza kumsaidia mtu mmoja na kumsumbua mwingine.
2. Kutoa mifano ya tofauti hizo hapa Tanzania na kwingineko duniani.
3. Kutambua hatua za kuchukua mgonjwa anaposema dawa inamsumbua, bila kumhukumu na bila kumwachisha dawa.

KIDONGE KIKISHAMEZWA KINAKWENDA WAPI?

Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru tunaufahamu mfereji. Chukua mashamba matatu yanayopewa zamu sawa ya maji. Shamba la kwanza lina njia nzuri ya kutolea maji. Udongo unalowa, maji yanayozidi yanaondoka, migomba inastawi. Shamba la pili njia yake ya kutolea maji imeziba. Maji yanatuama, na zamu inayofuata inakuta ya kwanza bado imesimama. Baada ya muda mizizi inaoza. Shamba la tatu lina njia pana mno, na maji yanapita kabla udongo haujalowa. Migomba inanyauka ingawa mwenye shamba hakukosa zamu hata moja.

Maji yaliyoingia katika mashamba yote matatu ni sawa. Kinachotofautiana ni jinsi yanavyotoka.

Ndivyo ilivyo kwa dawa. Kidonge kikishamezwa kinayeyuka tumboni, dawa inaingia kwenye damu na kufanya kazi yake. Wakati huohuo mwili unaanza kuiondoa. Kazi kubwa inafanyika kwenye ini, ambako kuna vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa ili itoke kwa njia ya mkojo au choo. Kila kimeng'enya kinatengenezwa kwa kufuata maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Kwa jeni zilizo nyingi kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala hizo hazifanani kwa watu wote. Nyingine zinatoa kimeng'enya chenye nguvu, nyingine kinachofanya kazi polepole, na nyingine hazitoi kitu.

Mtu aliyerithi nakala mbili za polepole ni kama shamba la pili: dawa inatuama mwilini. Aliyerithi nakala zenye nguvu nyingi ni kama shamba la tatu: dawa inapita kabla haijamaliza kazi. Na kwa kuwa baba na mama kila mmoja ana nakala mbili za kugawa, watoto wa tumbo moja wanaweza kupata mchanganyiko tofauti kabisa, kama vile wanavyotofautiana urefu na sura.

JIBU LA MZEE WETU

Miongoni mwa dawa za TB kuna isoniazidi, ambayo imetumika tangu mwaka 1952. Haikupita miaka mingi kabla wataalamu hawajaona kwamba watu wanaigawanyika katika makundi. Wapo wanaoiondoa haraka na wapo wanaoiondoa taratibu. Kimeng'enya kinachohusika kinaitwa NAT2. Kwa wale wa taratibu, isoniazidi inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na kwa kuwa dawa hiyo inauvuruga mwili katika matumizi ya vitamini B6, mishipa ya fahamu inaathirika. Dalili ya kwanza mara nyingi ni ganzi au hisia ya kuchomwachomwa kwenye nyayo na vidole. Ini nalo linaweza kudhurika.

Tofauti hii haigawanyiki sawa duniani. Kwa Wajapani, watu wa taratibu ni takriban mmoja tu kati ya kumi. Kwa Wazungu, na kwa sehemu kubwa ya Afrika, wanakaribia nusu ya watu wote. Kwa hiyo aliyepatwa na ganzi hana mwili wa ajabu, ni mmoja wa kundi kubwa sana. Jambo la kutia moyo ni kwamba ganzi hiyo inazuilika kwa vidonge vya vitamini B6, viitwavyo piridoksini, ambavyo ni vya bei nafuu. Mzee wetu hakupungukiwa na imani wala uvumilivu. Alichokosa ni kusema mapema, na mtu wa kumwuliza mapema.

KILICHOMPATA MAMA ELIA

Efavirenzi inavunjwavunjwa hasa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Kuna aina ya jeni hiyo inayopunguza nguvu ya kimeng'enya. Kwa Wazungu, waliorithi nakala mbili za aina hiyo hawafiki 10 katika kila watu 100. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara idadi hiyo ni kati ya 10 na 20 katika kila 100. Kwa watu hao kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda sana. Kwa kuwa efavirenzi inafika kwenye ubongo, wengi wao wanapata kizunguzungu, ndoto za kutisha, kukosa usingizi, na wakati mwingine kuchanganyikiwa. Mama Elia hakupimwa jeni, lakini yaliyompata yanalingana kabisa na maelezo haya.

Watanzania walilifanyia kazi jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Sweden na wenzao wa Ethiopia, waliwafuatilia wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliokuwa wakimeza efavirenzi miligramu 600 zilezile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa Watanzania walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa katika damu kuliko Waethiopia. Aina ya polepole ya CYP2B6 ilionekana zaidi kwa Watanzania, lakini jeni hiyo peke yake haikutosha kueleza tofauti yote. Hapa tunajifunza kwamba urithi ni sehemu kubwa ya maelezo, lakini si maelezo yote. Chakula, uzito, magonjwa mengine na dawa nyingine anazotumia mtu navyo vinachangia.

Katika nchi nyingi efavirenzi imepisha dawa mpya. Kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia wagonjwa kwenye mseto wenye dolutegraviri, ambayo kwa walio wengi haina usumbufu ule. Tunashukuru kwa hatua hiyo. Hata hivyo, dawa kubadilika hakujaondoa tofauti za miili. Swali la Mama Elia linaweza kurudi kesho kwa dawa nyingine.

DOZI ILIPIMWA KWA NANI?

Dozi ya kila dawa inatokana na majaribio. Watu kadhaa wanapewa dawa, damu yao inapimwa, na kiasi kinachofaa kwa walio wengi kinachaguliwa. Kwa miaka mingi walio wengi katika majaribio hayo walikuwa watu wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi la dawa ni wastani wa watu fulani, mahali fulani.

Katikati ya miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa London, Robert Smith, alijijaribia pamoja na wenzake dawa ya kushusha shinikizo la damu iitwayo debrisokwini. Wenzake hawakudhurika. Yeye shinikizo lilishuka mno hata akashindwa kusimama. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 1977, ulionyesha kuwa kuna watu wanaorithi udhaifu wa kimeng'enya ambacho leo kinaitwa CYP2D6. Kimeng'enya hicho kinashughulikia dawa nyingi, zikiwamo baadhi za maumivu, za moyo na za msongo wa mawazo. Wataalamu wakaanza kuorodhesha aina za jeni hiyo, na orodha ya mwanzo ilitokana zaidi na Wazungu.

Orodha hiyo ilipoletwa Afrika ilionekana kupungukiwa. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza aina ya CYP2D6 iliyo ya kawaida kwa Waafrika, yenye nguvu ndogo, ambayo haikuwa kwenye orodha. Ikapewa namba 17. Hapa kwetu, wataalamu wa Muhimbili, akiwamo Profesa Amos Massele, na wenzao wa Karolinska waliwapima Watanzania. Mwaka 1999 walichapisha kwamba uwezo wa Watanzania kuivunja debrisokwini ulikuwa mdogo kuliko ilivyotegemewa kwa kutazama jeni zao. Mwaka 2001 aina nyingine yenye nguvu ndogo, namba 29, ilielezwa kutokana na Watanzania. Jambo linalofanana na hilo lilikwisha kuonekana mwaka 1998 kwa omeprazo, dawa ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa vidonda vya tumbo. Watanzania waliiondoa taratibu kuliko jeni zao zilivyoashiria.

Ukitumia kipimo kilichotengenezwa kwa kuwatazama wengine, kinaweza kukuambia kwamba uko sawa kumbe hakijui cha kutafuta ndani yako. Ndiyo maana watafiti wanapokuja vijijini kwetu kwa kibali halali, na kueleza vizuri wanachotaka, ushiriki wetu una faida. Tuulize maswali, tujue damu yetu inakwenda wapi na matokeo yatarudi vipi, lakini tusikimbie. Asiyepimwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa atapewa dozi ya mwenzake.

"MWAFRIKA" SI MWILI MMOJA

Baada ya kusikia hayo, mshiriki mmoja wa mafunzo alisema: "Basi Waafrika wote wapunguziwe dozi." Hapana. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata waliosoma.

Waethiopia ni majirani zetu wa karibu kuliko Wajapani na Waingereza. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1996, ukiongozwa na Eleni Aklillu, ulionyesha kuwa takriban Waethiopia 29 katika kila 100 wana nakala za ziada za jeni ya CYP2D6. Wakati Watanzania wengi wana kimeng'enya hicho cha polepole, Waethiopia wengi wanacho chenye mwendo wa kasi kupita kawaida.

Je, kasi ni nzuri? Inategemea dawa. Chukua kodeini, inayotumika kwa maumivu na katika baadhi ya dawa za kikohozi. Kodeini yenyewe ina nguvu ndogo. CYP2D6 ndiyo inayoigeuza kuwa mofini. Mtu mwenye kimeng'enya dhaifu anameza kodeini na maumivu hayaondoki, na watu wanasema anajidekeza. Mtu mwenye kimeng'enya cha kasi anatengeneza mofini nyingi kwa muda mfupi, na kwa mtoto mdogo hali hiyo inaweza kusimamisha pumzi. Kwa sababu hii Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kodeini kwa maumivu ya watoto mwaka 2012, na mwaka 2017 Marekani ilikataza isitumike kwa walio chini ya miaka 12.

Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kiafrika, walichapisha uchunguzi wa jamii zaidi ya mia moja za bara letu, zikiwamo za Tanzania. Ulithibitisha kwamba hakuna bara lenye tofauti nyingi za vinasaba kama Afrika. Kwa hiyo kusema "dozi ya Mwafrika" ni kosa lilelile la kusema "dozi ya binadamu" kwa kuwatazama Wazungu. Hata kusema "dozi ya Mmeru" au "dozi ya Mwarusha" hakutusaidii, maana ndani ya boma moja wapo wa haraka na wapo wa taratibu. Takwimu za jamii zinaisaidia serikali kuchagua dawa na dozi ya kuanzia. Hazitoshi kumwambia muuguzi jinsi mgonjwa aliyeketi mbele yake atakavyokuwa. Rangi, kabila na ukoo havionyeshi kilichomo kwenye ini.

MFANO WA DAWA YA MALARIA ILIYOONDOLEWA

Wapo watakaoona kwamba hizi ni habari za maabara. Mfano ufuatao unaonyesha uzito wake.

Kuna kimeng'enya kingine kiitwacho G6PD, ambacho kinalinda chembe nyekundu za damu. Tukirudi kwenye mfereji, hiki si njia ya kutolea maji bali ni ukingo. Ukingo ukiwa dhaifu, maji ya kawaida yanaubomoa. Mtu mwenye upungufu wa G6PD anaishi vizuri siku zote, lakini akipewa dawa fulani chembe zake nyekundu zinapasuka, damu inapungua ghafla, macho yanakuwa ya njano na mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Upungufu huu unapatikana zaidi kwa watu waliotoka sehemu zenye malaria, kwa kuwa unatoa kinga kiasi dhidi ya ugonjwa huo. Unawapata zaidi wanaume, kwa sababu jeni yake inakaa kwenye kromosomu ambayo mwanamume anayo moja tu. Habari hizi si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Anthony Allison na David Clyde walichapisha utafiti kuhusu malaria na upungufu wa G6PD kwa watoto wa Tanganyika.

Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kwa kuwa malaria ilikuwa sugu, ikachukua SP. SP nayo ilikwisha kuanza kushindwa katika baadhi ya maeneo. Dunia ilihitaji dawa ya bei nafuu kwa Afrika, na iliyotarajiwa ilikuwa LapDap, mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni. Utafiti uliofanyika Muheza, mkoani Tanga, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2001, ulionyesha kuwa iliwaponya watoto ambao SP ilishindwa kuwaponya. Mwaka 2003 ilipata kibali Uingereza. Lakini dapsoni ni miongoni mwa dawa zinazobomoa ukingo ule. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata katika nchi za Afrika yalionyesha kuwa watoto wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu kwa kiwango cha hatari, wengine hadi kuhitaji kuongezewa. Mwaka 2008 dawa hiyo iliondolewa.

Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika ilikwama kwa sababu ya tofauti ya urithi iliyo ya kawaida Afrika, na ambayo ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya miaka arobaini.

Hata hivyo, tofauti ikishughulikiwa mapema, dawa inaweza kuokolewa. Primakwini nayo inawasumbua wenye upungufu wa G6PD, lakini ina faida ya kuzuia malaria isiambukizwe kwa mbu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, itolewe pamoja na dawa ya mseto bila kumpima mtu G6PD kwanza. Watafiti wa Tanzania waliijaribu dozi hiyo Bagamoyo, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa ni salama hata kwa wenye upungufu. Dawa haikutupwa, na watu hawakutupwa. Kilichobadilishwa ni dozi, baada ya watu wenyewe kupimwa.

TUFANYE NINI?

Vipimo vya jeni bado havipo kwenye zahanati zetu, na vitachukua muda kufika. Lakini kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Ni kumwuliza mgonjwa na kumwamini anapojibu. Tuzingatie yafuatayo:

1. Tusimlinganishe mgonjwa na mwenzake. Maneno "mbona mumeo hana shida" yafutwe katika huduma yetu.

2. Mgonjwa asiache dawa mwenyewe wala asipunguze vidonge. Kuacha dawa ya TB au ya VVU kunaleta usugu. Arudi kituoni mapema na aeleze. Ikiwezekana mhudumu amsindikize.

3. Tuandike: jina la dawa, tarehe aliyoanza, tarehe dalili ilipoanza, na dalili yenyewe kwa maneno ya mgonjwa. Karatasi yenye tarehe inasikilizwa zaidi kuliko malalamiko matupu.

4. Dawa hazigawiwi. Kilichomsaidia kaka si lazima kimsaidie dada, na nusu dozi iliyobaki kabatini si akiba.

5. Tutaje dawa zote tunazotumia, pamoja na za mitishamba. Dawa moja inaweza kuharakisha au kuchelewesha uondoaji wa nyingine. Rifampisini, kwa mfano, inaharakisha uondoaji wa dawa nyingi.

6. Anayetumia isoniazidi aulizwe kuhusu ganzi ya miguu kila anapotembelewa, na aulizwe kama amepewa vitamini B6. Macho ya njano au maumivu ya tumbo upande wa ini ni dharura.

7. Mkojo ukiwa mweusi baada ya dawa yoyote, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Familia ikumbuke jina la dawa hiyo, na iwaambie watabibu wakati mwingine.

8. Watoto wasipewe dawa yenye kodeini iliyonunuliwa bila ushauri wa daktari.

9. Tumwombe mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa, ambayo hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa moja ni habari ya mtu. Zikiwa nyingi zinaweza kubadilisha mwongozo wa taifa.

Kwa upande wetu, tumebadilisha fomu ya wahudumu wa majumbani. Zamani kulikuwa na swali moja tu: "Je, anameza dawa? Ndiyo/Hapana." Sasa juu yake kuna swali lingine: "Ukimeza, unajisikiaje?" na mistari mitatu ya kuandika jibu. Mistari hiyo mitatu ingekuwapo mwaka 2008, binti wa Mama Elia angeendelea na shule.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Je, katika mtaa wenu yupo aliyewahi kuacha dawa kwa sababu ilimsumbua? Watu walisema nini juu yake? Sasa mngesema nini?

2. Tumia mfano wa mfereji kumweleza mwenzako kwa nini watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana katika dawa. Abadilike, naye akueleze wewe.

3. Kwa nini si sahihi kusema "Waafrika wote wapunguziwe dozi"? Tumia mfano wa Tanzania na Ethiopia.

4. Watafiti wakija kijijini kwenu kuomba damu, ni maswali gani matatu mtawauliza kabla ya kukubali?

5. Chagueni mtu mmoja katika kikundi atakayekwenda kwenye zahanati yenu kuuliza kama fomu za njano zipo na nani anazijaza. Alete jibu katika kikao kijacho.